Krambo ya matufaha na blakiberi: mwongozo kamili wa kuoka matunda ya mapukutiko

Krambo ni chakula cha Waingereza kisicho na makuu: matunda machachu chini, unga uliofikichwa kwa siagi na sukari juu, vyote vinaingia oveni pamoja. Hakuna kukanda, hakuna kusukuma, hakuna kusubiri donge liumuke. Ndiyo maana wengi huichukulia poa, kisha inawatoka ikiwa na supu chini na tabaka bichi linalonata juu. Mkosaji huwa ni maji. Zaidi ya asilimia 80 ya tufaha ni maji, siagi nayo ina maji yake, na mvuke unaopanda kutoka kwenye matunda hauna njia nyingine ya kutoka ila kupenya kwenye unga. Karibu kila hatua hapa chini, kuanzia unavyokata tunda hadi unavyotawanya unga, ipo ili kuyaongoza maji hayo.

Ilienea Uingereza miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940, siagi na sukari zikiwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupimwa, na pai yenye ukoko chini na juu ikawa anasa. Krambo hufunikwa juu tu, hukubali majarini, na oti zikiongezwa unga unafika mbali zaidi. Imebaki kuwa chakula cha mapukutiko, Septemba hadi Novemba, miezi ambayo matufaha yanaanguka mitini na vichaka vya kando ya njia vinajaa blakiberi.

Matunda: hapa ndipo krambo inapoamuliwa

Tufaha la kupikia linaloaminika kuliko yote Uingereza ni Bramley. Mti wa kwanza uliota kutokana na mbegu aliyoipanda msichana Mary Ann Brailsford mwaka 1809 katika mji wa Southwell, Nottinghamshire, na mpaka leo tunda hilo ni kubwa, la kijani, chachu kiasi kwamba wachache hulila bichi. Uchachu huo ndio faida yake. Tunda lenye asidi nyingi hulainika upesi likipata moto, na Bramley huvunjika kabisa likawa rojo jeupe lenye ladha kali. Matufaha ya kula, kama Cox au Braeburn, hufanya kinyume: hubaki vipande, yana utamu, lakini yakiwa peke yake krambo inakosa ukali na inakosa rojo la kushika vipande.

Kwa hiyo changanya. Theluthi mbili Bramley, theluthi moja tufaha la kula. Ukitumia Bramley tupu utapata mchuzi wa matufaha uliofunikwa unga. Mapishi mengi huishia kwenye aina moja ili kurahisisha, na huo ni urahisi wa dukani, hausaidii mlaji.

Blakiberi, matunda madogo meusi ya vichakani, hutoa rangi na harufu. Ukichuma mwenyewe, chuma zilizo juu ya goti, mbali na barabara yenye magari, na chukua zile zinazoachia kikonyo kwa kuguswa tu. Inayong'ang'ania bado ni chachu. Nchini Uingereza na Wales sheria ya wizi ya 1968 haimhesabu kuwa mwizi anayechuma matunda ya mwituni kwa matumizi yake, ila anayechuma ili auze ni habari nyingine. Nyumbani ziloweke dakika 10 kwenye maji yenye chumvi kidogo, vijidudu vitoke, kisha suuza na uzitandaze juu ya kitambaa zikauke kabisa. Usiruke kukausha: gramu 200 za blakiberi zilizolowa zinaingiza maji ambayo hukuyapigia hesabu. Wazee wa huko husema zisichumwe baada ya 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, kwa kuwa Shetani huzitemea mate. Ukimweka Shetani kando, za mwisho wa msimu kweli huwa majimaji, hazina ladha na huota ukungu haraka.

Mahitaji kwa watu 6 hadi 8

Bakuli la kuokea, karibu sentimita 20 kwa 28, kina cha sentimita 5. Kauri, kioo kinachohimili moto au enameli vyote vinafaa. Aluminiamu tupu haifai, kwa kuwa asidi ya matunda huila na kuacha ladha ya chuma mdomoni.

Matunda:
- Bramley gramu 700
- tufaha la kula gramu 300
- blakiberi gramu 200
- sukari nyeupe gramu 70
- wanga wa mahindi kijiko 1 cha mezani, kilichosawazishwa (ule mweupe laini wa pakiti, si unga wa sembe)
- mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, ukipenda

Chengachenga za juu:
- unga wa ngano wa kawaida, usiotiwa beking pauda, gramu 200
- siagi ya maziwa, baridi kutoka kwenye friji, gramu 125
- sukari ya kahawia yenye chembe kubwa gramu 100
- oti za uji gramu 50
- chumvi robo kijiko cha chai
- maji ya baridi kijiko 1 cha mezani

Tumia mizani. Kikombe cha unga kinaweza kupishana gramu 30 kutegemea ulivyokijaza, na katika unga wa gramu 200 tofauti hiyo inatosha kuugeuza uwiano. Siagi ni rahisi, nusu kamili ya pakiti ya gramu 250.

Neno kuhusu siagi. Afrika Mashariki kopo la majarini nalo huitwa siagi, na kwa mkate halina ubaya. Kwa krambo soma kiasi cha mafuta kwenye lebo. Siagi ya maziwa ina angalau asilimia 80 ya mafuta; majarini laini za kupaka zinaweza kuwa na chini ya 60, na kilichobaki karibu chote ni maji. Maji hayo yakikutana na unga unapata donge, hupati chengachenga. Majarini ngumu ya kuokea, yenye mafuta asilimia 70 au zaidi, itakubali ukiigandisha kwanza.

Sukari ya kahawia ya viwanda vya kwetu, ile yenye chembe za kuonekana, inafanya kazi sawasawa na ile ya demerara inayouzwa Ulaya. Chembe kubwa haziyeyuki zote, na zinazobaki ndizo zinazokwaruza meno vizuri.

Kutayarisha

Anza na chengachenga, kwa sababu zinahitaji kupumzika kwenye baridi wakati unamenya matunda. Kata siagi vipande vya sentimita moja. Weka unga na chumvi kwenye bakuli pana, tia siagi, zungusha kidogo ili kila kipande kivae unga. Sasa fikicha: chukua unga na siagi kwa ncha za vidole, sugua kwa gumba, uachie uanguke kutoka juu ya bakuli. Viganja visiguse. Kiganja kina joto linaloyeyusha siagi, na siagi iliyoyeyuka hunywewa na unga badala ya kukaa katikati yake. Mikono yako ikiwa ya moto, ioshe kwa maji baridi, ikaushe, uendelee. Jikoni kukiwa na joto kali, pumzisha bakuli kwenye friji dakika 10 katikati ya kazi.

Baada ya dakika tano hivi tikisa bakuli. Vipande vikubwa vitapanda juu. Unataka mchanganyiko usiolingana: sehemu kubwa kama chenga za mchele, na hapa na pale madonge ya ukubwa wa mbaazi. Usifuatilie kila donge. Chenga laini zikilingana zote hupangana bila nafasi, mvuke unakwama chini yake, na nusu ya chini ya tabaka inabaki mbichi. Madonge huacha mianya, na mvuke hupitia humo.

Tia sukari na oti, koroga kwa uma. Nyunyizia kile kijiko kimoja cha maji ya baridi huku ukichakura kwa uma. Huenda ikaonekana ajabu kuongeza maji baada ya maonyo yote hayo, lakini kiasi hiki kidogo kinafunga chenga ndogo kuwa vipande vitakavyokauka mwanzoni kabisa mwa kuoka. Vijiko viwili tayari ni vingi. Weka bakuli kwenye friji dakika 20, au friza dakika 10.

Mashine ya kusagia nayo inafaa, ila bonyeza kwa mpigo mfupi mfupi, mara nane hadi kumi tu, na oti ziingie baadaye kwa mkono. Mashine ikiachwa izunguke, ndani ya sekunde chache unakuwa na donge la biskuti.

Washa oveni nyuzi 190, ya feni 170, ya gesi namba 5. Iachie dakika 20 ipate moto kweli kweli. Taa ya oveni ikizimika mapema mara nyingi ni hewa tu iliyofika joto hilo, kuta bado. Rafu iwe ya katikati.

Menya matufaha, toa moyo wenye mbegu. Bramley kata vipande vikubwa, sentimita 3. La kula kata vidogo, sentimita 1.5. Sababu ni kwamba Bramley huiva haraka na lingine hukawia, kwa hiyo ukubwa tofauti unayafikisha pamoja. Usikate vijisahani vyembamba: hulaliana, hufungiana mvuke, na huiva kwa makundi makundi. Huna haja ya kuyatia limau yasibadilike rangi, blakiberi zitafunika yote.

Changanya sukari na wanga wa mahindi vikiwa vikavu, ndipo uvinyunyizie kwenye matufaha pamoja na mdalasini. Wanga ukitiwa peke yake juu ya tunda lililolowa hushika madonge meupe yasiyoiva. Geuza kwa mikono, mimina kwenye bakuli la kuokea, kisha panda blakiberi katikati ya vipande kwa vidole. Ukizikoroga pamoja zinapondeka kabla ya wakati. Usikae sana baada ya hapo, kwa kuwa sukari huanza kuvuta maji ya tunda papo hapo. Matunda yajae kina cha sentimita 3 hivi na yabaki sentimita 2 kutoka ukingoni.

Toa chengachenga kwenye baridi, zivunjevunje kwa uma kama zimeshikana, uzitawanye kuanzia pembeni kuelekea katikati. Pembeni ndiko mchuzi unakopandia, na pasipofunikwa utachemka juu ya unga. Unene sentimita 1.5 hadi 2. Usishindilie wala kusawazisha kwa kijiko. Kilichomwagika hivi hivi ndicho kinachotakiwa.

Kuoka, na jinsi ya kujua imeiva

Weka trei tupu kwenye rafu ya chini kabisa ikinge mchuzi utakaomwagika, lakini usikalishe bakuli moja kwa moja juu yake, maana itakinga moto wa chini. Oka dakika 40 hadi 45. Geuza bakuli baada ya dakika 25 ikiwa oveni yako inaunguza upande mmoja.

Rangi ya juu haitoshi kukuambia lolote. Chengachenga zinaweza kuwa za dhahabu dakika ya 30 huku matunda bado magumu na wanga mbichi. Tazama mchuzi: unapaswa kutokota pembeni kwa mapovu mazito yanayopasuka polepole, na baadaye utoboe kwenye mianya ya katikati pia. Mapovu mepesi yanayokimbia ni maji yasiyoshika bado. Wanga wa mahindi unahitaji kukaribia kuchemka ndipo ushike. Mwenye kipimajoto achome katikati ya matunda asome nyuzi 95. Asiye nacho achome kisu chembamba: kipite kwenye tufaha bila kugoma. Juu ikitangulia kuiva, funika kwa foili bila kuibana, uache mwanya pembeni, la sivyo mvuke utarudi chini na kulainisha ulichokwisha kukausha.

Ikitoka, iache dakika 15 hadi 20. Mchuzi ulioonekana mwepesi utakuwa umeshika, na hapo ndipo ladha ya tunda inasikika badala ya moto mtupu. Uhurumie ulimi, sukari inayochemka huunguza kuliko maji.

Ikiharibika, tafuta hapa

Unga mbichi chini ya ukoko mzuri: tabaka lilikuwa nene kupita kiasi, lilishindiliwa, au chenga zilikuwa laini mno. Kwa bakuli lililokwisha kuokwa, rudisha oveni nyuzi 160 kwa dakika 15 bila kufunika.

Tabaka la juu limeyeyuka likawa shuka moja ngumu kama biskuti: siagi ilikuwa vuguvugu, au sukari imezidi. Watu hupenda kuongeza sukari juu ili pawe patamu. Sukari ikifika uzito wa unga, huyeyuka, hutandaa, na ikipoa hugeuka kioo. Utamu wa ziada mahali pake ni kwenye matunda.

Juu ni vumbi kavu lenye ladha ya unga: siagi ni kidogo, au ulisahau kijiko cha maji. Na kama limevimba kama keki, umetumia unga wenye beking pauda.

Supu chini huwa na sababu tatu: tunda lililowekwa na maji, sukari iliyokaa na tunda nusu saa kabla ya kuoka, au bakuli lililotolewa kabla mchuzi haujatokota katikati. Ya tatu ndiyo ya mara kwa mara, na watu hulaumu tunda.

Matunda mengine ya msimu huo

Plamu hutoa maji kuliko matufaha. Kilo moja, zipasue, toa kokwa, zipange sehemu iliyokatwa ikitazama juu ili maji yapungue kwa mvuke kabla ya kufunikwa: ziache oveni peke yake dakika 10, kisha tia chengachenga. Wanga uwe kijiko 1 na nusu. Sukari inategemea ukali wake. Onja plamu moja kwanza.

Mapeasi magumu, aina ya Conference, kata sentimita 2, yapike kwenye sufuria na siagi gramu 20 na vijiko 2 vya maji, umefunika, dakika 6 hadi 8. Yana asidi kidogo, kwa hiyo kamua nusu limau. Hapa mdalasini uupishe, tia tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko cha chai, au iliki mbegu za maganda matatu. Karafuu inafaa zaidi kwa matufaha, lakini mbili zilizosagwa zinatosha bakuli zima. Ya tatu itafuta kila ladha nyingine.

Matunda ya friza yaingie yakiwa yameganda. Ukiyayeyusha kwanza yanaachia maji yote kwenye bakuli. Ongeza nusu kijiko cha wanga na dakika 10 za moto.

Aliye Tanzania au Kenya hana mapukutiko, ila nyanda za juu zenye baridi zinatoa matunda ya jamii hii hii: plamu, mapeasi na matufaha ya Lushoto, na plamu na mapeasi ya Limuru. Bramley halipatikani kirahisi. Badala yake tumia tufaha la kijani, Granny Smith, ambalo ni chachu lakini haliyeyuki. Likate dogo, sentimita 1.5, ulipike dakika 5 kwenye sufuria, uponde robo yake kwa uma ili upate rojo. Pahali pa blakiberi, forosadi nyeusi zilizoiva zinakaa vizuri sana. Na korosho zilizokatwakatwa, gramu 40 kwenye chengachenga, ni nyongeza ambayo Waingereza wangeiga.

Bila oveni

Mtindo wa moto juu na chini unaookea mkate wa kumimina unaifaa krambo kuliko keki, kwa kuwa kinachohitaji kukauka kiko juu. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini sentimita 2, kalisha bakuli la enameli ndani yake, funika kwa mfuniko bapa wa chuma. Makaa theluthi moja chini, theluthi mbili juu, yawe yameshaacha moshi na kuvaa jivu. Usifunue kabla ya dakika 30. Ukifunua, futa mvuke uliogandia mfuniko kabla ya kuurudisha. Matone yake yakiangukia unga unaanza upya. Kwa jumla itachukua dakika 45 hadi 55.

Kuandaa na kuhifadhi

Kastadi ya moto ndiyo mwenzake wa asili: iwe nyepesi ya kumiminika. Aiskrimu ya vanila au krimu nzito isiyotiwa sukari pia. Usimimine juu ya bakuli zima mezani, kila mtu atie sahani yake, kwa kuwa ukoko haudumu dakika tano chini ya kastadi.

Iliyobaki iache ipoe kabisa kabla ya kufunika, kisha friji siku 3. Pasha oveni nyuzi 160, dakika 15 hadi 20. Maikrowevu itapasha matunda na kulainisha juu. Chengachenga mbichi zinakaa friza miezi 3 kwenye mfuko na hutawanywa zikiwa zimeganda hivyo hivyo, kwa hiyo inafaa kutengeneza kipimo maradufu. Ukigandisha krambo nzima kabla ya kuoka, tumia bakuli la chuma chenye enameli au la foili: kioo na kauri vikitoka friza na kuingia oveni yenye moto hupasuka.